Simu ya kodlesi ndani ya nyumba ya mawe ya Lamu: mwongozo kamili wa kununua, kufunga na kuitumia

Kwenye boksi la simu ya kodlesi, yaani simu ya nyumbani isiyo na waya wa mkononi, huandikwa kwamba mawimbi yake hufika mita 50 ndani ya nyumba na mita 300 uwanjani. Aliyeandika hakusema uongo, ila nyumba aliyoifikiria ni ya kuta nyembamba. Ilete simu hiyo hiyo mtaa wa Mkomani, Lamu, iweke sabuleni karibu na mlango, halafu panda nayo mpaka jikoni juu: hata mita 15 hazijatimia, sauti imeanza kukatikakatika, kisha kimya. Wengi hapo huirudisha dukani wakidai ni mbovu. Si mbovu. Ukuta wa matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita, ndio unaoyameza mawimbi, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kuukwepa ukuta huo.

Mtu anaweza kuuliza kuna haja gani ya simu ya nyumbani ilhali kila mmoja ana yake mfukoni. Kwa nyumba zetu haja ipo. Jiko liko juu, wageni wako chini dakani, kwenye baraza ya mlangoni, na baina yao kuna ngazi ambazo bibi wa miaka 75 hawezi kuzipanda kila mtu anapobisha hodi. Simu za kodlesi hupigiana zenyewe kwa zenyewe humo ndani bila kutozwa hata senti. Wazee nao huzipenda kwa sababu vitufe vyake vinashikika, na sauti yake inaweza kuongezwa mpaka mwenye masikio mazito akasikia. Mwenye nyumba ya wageni kijijini Shela naye hupata namba moja isiyobadilika mfanyakazi anapobadilika.

Ujue vipande vyake kwanza

Seti huwa na kituo kimoja na mikonga. Kituo ndicho kinachopokea waya wa laini na waya wa stima. Mkonga ndio unaoushika na kutembea nao. Mkonga wa kwanza aghalabu hulala juu ya kituo chenyewe. Mingine huja na vitako vyake vidogo vya chaji. Kitako hakihitaji laini kabisa, kinataka soketi ya stima tu. Nimeona watu wakitoboa ukuta wapitishe waya wa simu hadi kwenye kitako cha chumbani, kazi ya bure.

Mfumo wenyewe unaitwa DECT. Simu za soko la Ulaya hutumia masafa ya megahezi 1880 hadi 1900, kwa hiyo hazigombani na waifai ya gigahezi 2.4. Zile za Marekani huandikwa DECT 6.0 na hutumia megahezi 1920 hadi 1930. Hapo pana tatizo, kwa sababu masafa hayo yamo ndani ya yale ambayo simu za mkononi za 3G hutumia kurushia mawimbi kuelekea mnarani, 1920 hadi 1980. Juu ya hayo, adapta ya Marekani mara nyingi ni ya volti 120 na stima yetu ni 240: ukiichomeka tu, inaungua. Ndugu akikuletea seti kutoka huko, mshukuru, uiweke kabatini.

Inayotoka Uingereza ni afadhali sana. Plagi ni ile ile ya miguu mitatu, umeme unalingana, masafa yanafaa. Kinachotofautiana ni ncha ya waya wa laini: ya Waingereza ni pana na ina ulimi wa pembeni, haiingii kwenye tundu dogo la vifaa vyetu. Mara nyingi ncha hiyo iko upande wa ukutani pekee, na upande wa kituo ni tundu la kawaida, basi nunua waya mwingine wa simu. Ukikuta mlio wa laini haupo ingawa waya umeingia sawasawa, waya huo mpya haulingani na mpangilio wa nyaya za ndani wa simu hiyo. Tafuta wa aina nyingine kabla ya kuilaumu simu.

Tafuta pia neno GAP kwenye boksi. Maana yake ni kwamba mkonga wa kampuni moja unaweza kusajiliwa kwenye kituo cha kampuni nyingine, mkonga wa Panasonic kwenye kituo cha Gigaset kwa mfano. Kupiga na kupokea kutafanya kazi. Kuhamisha orodha ya majina na mbwembwe nyingine huenda kusifanye. Kituo kimoja cha nyumbani kwa kawaida hubeba mikonga minne hadi sita. Kwa nyumba ya ghorofa mbili, mitatu inatosha: mmoja chini, mmoja msanani (ule ukumbi mrefu), mmoja jikoni.

Laini itatoka wapi

Kodlesi peke yake haina laini. Zamani waya wa shaba ulifika ukutani na namba zake zilianza na 042, msimbo wa Malindi na Lamu. Kama nyumba yako bado ina waya huo na ukiinua simu unasikia mlio, una bahati. Chomeka kituo hapo na uruke sehemu hii.

Walio wengi hutumia kisanduku cha laini. Ni kifaa kidogo kinachomeza kadi ya simu (SIM), kama simu ya mkononi, lakini nyuma kina tundu la waya wa simu ya mezani. Kituo cha kodlesi kikichomekwa hapo hudhani kimepata laini ya kawaida. Kabla ya kukinunua, uliza mambo mawili: kinatumia mtandao gani, maana kuna vya 2G pekee, vya 3G na vya 4G, na je, kina betri ndani. Hilo la betri nitalirudia kwenye habari ya stima.

Kadi utakayoitia isiwe ile yenye M-Pesa yako. Visanduku vingi havionyeshi ujumbe mfupi wala menyu za pesa, na mtu akikutumia hela hutajua. Sajili laini mpya kwa kitambulisho chako, itie kwanza kwenye simu ya mkononi, izime PIN ya kadi, jaribu kupiga, ndipo uihamishe. Kadi yenye PIN ikiingia kwenye kisanduku, hupati laini. Muda wa maongezi unaweza kuununua kutoka simu yako nyingine.

Njia ya tatu ni kupitia intaneti. Ikiwa ruta yako ina tundu lililoandikwa TEL au PHONE, au umenunua kituo cha kodlesi kinachoingia moja kwa moja kwenye ruta, utahitaji akaunti ya simu ya intaneti kutoka kwa mtoa huduma: jina la seva, jina la mtumiaji na nywila, unavijaza kwenye ukurasa wa mipangilio. Maongezi yenye sauti safi hula takriban kilobiti 90 kwa sekunde kwenda na kiasi hicho hicho kurudi, sawa na megabaiti 1.3 hivi kwa dakika. Faiba hubeba bila wasiwasi. Intaneti ya bando inayoyumba jioni, siishauri.

Mahali pa kituo: hapa ndipo penye kazi

Fikiria nyumba ya kale ya Lamu ilivyopangwa. Boriti za mikoko zinazobeba dari hazifiki mbali, si zaidi ya mita tatu hivi, na kwa sababu hiyo vyumba vyetu ni vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine: kiwanda (uwanja wa ndani ulio wazi juu), msana wa kwanza, msana wa pili, kisha chumba cha ndani. Anayetembea kwa kufuata urefu wa msana hakutani na ukuta. Anayekata kuelekea ndani hukutana nao kila baada ya hatua tatu nne. Mawimbi nayo ni hivyo hivyo. Kituo kikiwa msanani, mwisho wa msana wote utasikia vizuri. Chumba cha ndani, ambacho ukikipima kwa futi kiko karibu zaidi, kitakuwa na shida.

Kwa hiyo usihesabu mita, hesabu kuta. Ukuta mmoja wa matumbawe unavumilika. Miwili, sauti inaanza kuchujuka. Mitatu, usitegemee.

Mawimbi yana njia yao ya bure katika nyumba hizi, nayo ni kiwanda. Uwazi ule unaoleta mwanga na hewa huyapitisha pia, juu na chini, na ghorofa zote hufungua madirisha au milango kwake. Kituo kikiwekwa ghorofa ya kati, mahali panapotazama kiwanda, hulisha chini kupitia uwazi, hulisha msana ulioko mbele yake, na hulisha jiko la juu. Dari za boriti na mawe ni nzito lakini ngazi nazo ni tundu. Paa la makuti halizuii kitu. Mabati huzuia, na slabu mpya ya zege yenye nondo huzuia zaidi. Aliyeongeza ghorofa ya kisasa juu ya nyumba ya kale ajue hilo mapema.

Sasa zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Kila mtu akitazama ukuta wa ndani wenye zidaka zake huona mahali pazuri pa simu, pametulia, hapana mtoto atakayefika. Lakini kidaka kimechimbwa ndani ya unene wa ukuta. Kituo ukikiweka humo umekizungushia mawe nyuma, juu, chini na ubavuni, kimebaki na mlango mmoja wa kutokea. Nimewahi kukitoa kituo kidakani nikakiweka juu ya kasha pembeni tu ya mlango, hatua mbili kutoka kilipokuwa, na mkonga wa jikoni uliokuwa ukilia "nje ya eneo" ukapata vijiti vitatu. Zidaka ziachie vyombo vya kaure. Na tafadhali, usitoboe chokaa ya nakshi kwa ajili ya msumari wa simu. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na fundi wa kurudisha nakshi hapatikani kila siku.

Mahali penyewe pawe usawa wa kifua au juu zaidi, mita moja kutoka kwa ruta na televisheni, mbali na kioo kikubwa, friji na tangi la maji. Ukuta unaovuta unyevu wakati wa masika huzuia mawimbi kuliko ukuta mkavu, basi ukipima mwezi wa Februari jipe nafasi ya ziada.

Kisanduku cha laini kina matakwa tofauti na kituo. Chenyewe kinatafuta mnara, kwa hiyo kinataka dirisha la nje au karibu na paa. Kituo kinataka kiwanda. Si lazima vikae pamoja! Waya mwembamba wa simu wa mita 20 au 30 haupunguzi chochote, ni wa bei ndogo, na unaweza kufuata pembe ya ngazi bila kuonekana. Vitenganishe walau mita moja. Kisanduku cha 2G kikiwa ubavu kwa ubavu na kituo, spika huanza kutoa ule mvumo wa trr-trr-trr simu inapoingia.

Namna ya kupima kabla ya kufunga kitu chochote: weka kituo mahali pa muda kwa ekstensheni. Mtu mmoja abaki na mkonga karibu nacho, mwingine achukue mkonga wa pili, mpigiane kwa ndani, na anayetembea ahesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, akipita kila chumba, choo, ngazi, mpaka juu. Aliyebaki asikilize ni namba gani zilimezwa na aandike ni wapi. Hamisha kituo, rudieni. Ukipata mahali ambapo kasoro ni choo peke yake, funga hapo na mshukuru Mungu.

Kukiwa na chumba kisichofikika kwa vyovyote, kipo kifaa cha kuongezea mawimbi, watu hukiita ripita. Hakikisha kinakubaliana na kituo chako, maana GAP haitoshi hapo. Kiweke mahali ambapo mawimbi ya kituo bado ni mazima, mfano mdomoni mwa ngazi, si ndani ya chumba chenye shida. Vituo vingi vinataka hali ya kupunguza mawimbi, Eco, izimwe kabla ripita haijafanya kazi. Lakini jaribu kwanza kuvuta waya na kuhamisha kituo, kwa sababu ripita ni soketi nyingine na kitu kingine cha kuharibika.

Nyumba za Malindi za bloku, zenye ua mkubwa na kibanda cha mlinzi getini, zina mambo tofauti. Kuta zake si nene hivyo, tatizo ni slabu yenye nondo na umbali wa uani. Kituo kiwekwe dirishani upande wa geti, ghorofa ya juu ikiwezekana, na mlinzi atasikia bila ripita.

Siku ya kwanza

1. Fungua mikonga, utoe karatasi ya plastiki iliyofunika betri, uzitie kwa kufuata alama za jumlisha na kutoa. Ni betri mbili ndogo za aina ya NiMH, volti 1.2 kila moja. Usitie kamwe betri za kawaida za redio za volti 1.5: zikichajiwa huvuja na zinaweza kupasuka.

2. Chomeka adapta ya kituo kwanza, halafu waya wa laini. Adapta za kituo na za vitako zinaweza kufanana umbo na kutofautiana volti. Bandika kipande cha plasta kwenye kila moja uandike jina lake.

3. Laza mikonga kwenye chaji na uiache. Watengenezaji wengi hutaka saa 16 kwa mara ya kwanza. Itaonyesha imejaa mapema, usiisikilize.

4. Weka tarehe na saa. Bila hivyo orodha ya waliopiga haina maana.

5. Bonyeza kitufe cha kijani, sikiliza mlio wa laini. Piga simu yako ya mkononi. Kisha ipigie namba ya nyumba uone kama mikonga yote inalia na kama namba yako inaonekana kiooni.

Kwenye kisanduku cha laini utagundua kwamba baada ya kumaliza kubonyeza namba kuna ukimya wa sekunde kadhaa. Kinasubiri kama bado una tarakimu. Visanduku vingi hukubali ubonyeze alama ya # mwishoni nayo simu huondoka papo hapo. Na namba zote zipigwe kamili, kuanzia 07 au 01, hata kama unayempigia yuko mtaa wa pili, Langoni.

Kusajili mikonga iliyoongezwa

Iliyokuja pamoja kwenye boksi huwa imesajiliwa tayari. Uliyonunua peke yake itaandika kiooni kwamba haina kituo. Shikilia kitufe kilichoko kwenye kituo, kile cha kutafutia mkonga uliopotea, kwa sekunde kadhaa mpaka taa ianze kumweka. Haraka, kwenye mkonga, ingia menyu, tafuta mahali pa kusajili, ukubali. Ikikuuliza PIN, jaribu 0000, ndiyo inayokuja na seti nyingi zikiwa mpya. Una dakika moja au mbili hivi kabla kituo hakijafunga mlango. Ukichelewa, anza upya.

Mkonga utapewa namba yake ya ndani: 1, 2, 3. Upe na jina, "Jikoni", "Chini", "Bibi", ili anayepigia ndani aone anampigia nani. Kama mtu mwingine mtaani ana seti kama yako hamtaingiliana; kila kituo huzungumza na mikonga iliyosajiliwa kwake tu. Badilisha lakini ile 0000, hasa kwenye nyumba ya wageni.

Matumizi ya kila siku

Kupigiana ndani ndiko kutakakotumika kuliko vyote. Bonyeza kitufe cha INT, kisha namba ya mkonga. "Ami amefika, yuko dakani, teremsheni kahawa," imekwisha, hakuna aliyepiga kelele kiwandani. Ukibonyeza INT na alama ya nyota, seti nyingi huliza mikonga yote pamoja.

Simu ya nje ikiingia na anatakiwa mtu mwingine, usitembee na mkonga. Ukiwa bado hewani bonyeza INT na namba ya aliko, aliyepiga atasubiri, mwambie "Halati, ni mwanao kutoka Maskati," kisha kata upande wako. Simu itahamia kwake. Mkitaka kuongea watatu, badala ya kukata chagua mkutano kwenye menyu.

Kwa walio na jamaa Ghuba: kutoka Kenya kwenda nje huanza na 000, halafu msimbo wa nchi, 968 Omani, 971 Imarati, 966 Saudia, halafu namba bila sifuri ya mbele. Zihifadhi hivyo kwenye orodha ya majina, kwa sababu mikonga mingi haina njia rahisi ya kuandika alama ya jumlisha. Na kwa kuwa simu za nje hula muda wa maongezi upesi, tumia kizuizi kilichoko kwenye menyu: unaweza kufunga namba zote zinazoanza na 000 isipokuwa kwa PIN. Watoto na wageni watakuwa na adabu bila kuambiwa.

Mzee mpangie namba za haraka. Kitufe cha 2 kikishikiliwa humpigia mwana mkubwa, cha 3 binti. Ongeza mlio na sauti hadi mwisho. Kama anatumia kifaa cha kusikia, nunua mkonga ulioandikwa kwamba unaafikiana navyo, vinginevyo atasikia mvumo. Bandika nyuma ya mkonga wake 999 na 112 kwa maandishi makubwa.

Mkonga ukipotea kwenye mito, bonyeza ile swichi ya kituo mara moja, bila kuishikilia, na yote italia.

Stima ikikatika

Mkonga una betri, kituo kwa kawaida hakina. Umeme ukienda, kituo kinazimika na mikonga yote inakuwa vipande vya plastiki, hata iwe imejaa chaji. Hata kupigiana ndani hakuna.

Suluhisho rahisi kuliko yote ni simu ya mezani ya waya ya bei ya chini. Nunua kigawanyishi cha laini, chomeka kodlesi upande mmoja na simu ya waya upande wa pili. Kisanduku cha laini chenye betri ndani kitaendelea kuishi, na ile ya waya haihitaji umeme mwingine. Ndiyo sababu nilikwambia uulize juu ya betri mwanzoni.

Kama unataka kodlesi yenyewe isizime, soma maandishi ya adapta ya kituo. Betri ndogo za akiba zinazouzwa kwa ajili ya ruta hutoa volti 5, 9 au 12, na vituo vingi vya kodlesi vinataka 6 au 6.5. Usilazimishe. Volti zilingane kabisa, ampea ziwe sawa au zaidi, na chanya na hasi za ncha zisiwe kinyume. Zisipolingana, tumia inveta ya sola au UPS (betri kubwa ya akiba) ya kawaida yenye soketi za 240. Kumbuka na ruta iwemo kama laini yako ni ya intaneti.

Wakati wa radi, mwenye waya wa shaba unaotoka nje autoe kituoni pamoja na adapta. Waya huo hupitia juani na hewani kabla haujaingia kwako, na ndio unaoleta maafa kuliko soketi.

Chumvi

Baada ya ukuta, adui wa pili ni hewa ya bahari. Vile vipande viwili vya chuma chini ya mkonga na wenzao kwenye kitako hushika utando, mkonga unalala usiku kucha na asubuhi hauna chaji. Kila mwezi pangusa kwa kitambaa kikavu. Ukiona weusi au ukijani, tumia pamba yenye spiriti kidogo, au kifutio cha penseli, kwa wepesi. Fungua na mlango wa betri uangalie springi. Usipake mafuta.

Usiweke kitako karibu na dirisha linalotazama bahari wakati wa kusi. Sisimizi hupenda joto la adapta na kituo, vumbi la chokaa huziba vitufe. Kitambaa chepesi juu ya kitako usiku hakidhuru, ila usifunike kituo.

Betri huanza kuchoka baada ya miaka miwili hivi. Dalili ni mkonga unaojaa haraka na kufa haraka. Badilisha mbili kwa pamoja, aina ile ile ya NiMH, na uwezo, yaani mAh, karibu na wa zile za awali.

Ikigoma

Hakuna mlio wa laini: ondoa kodlesi, chomeka simu ya waya kwenye kisanduku. Ikilia, kosa ni la kituo au waya wake. Isipolia, kosa ni la laini: kadi, salio, mnara.

Namba ya anayepiga haionekani: kwenye mipangilio ya kisanduku kuna aina mbili za kutuma namba, FSK na DTMF. Badilisha kutoka moja hadi nyingine.

Unasikia sauti yako ikirudi: punguza sauti ya kisanduku, si ya mkonga.

Kitufe cha R hakipokei simu ya pili: muda wake haulingani na laini. Menyu hutoa chaguo kama milisekunde 100, 270 na 600. Jaribu moja baada ya nyingine.

Mkonga unaandika unatafuta kituo ingawa umekilalia: chomoa kituo, subiri dakika moja, chomeka. Ukiendelea hivyo, usajili upya. Kurudisha kituo kwenye hali kilivyokuwa kipya kuwe la mwisho, kwa sababu hufuta usajili wa mikonga yote na vizuizi vyote ulivyoweka, na PIN hurudi kuwa 0000. Andika PIN mpya, namba ya laini na namba za ndani za mikonga kwenye karatasi, uibandike chini ya kituo.